Ushuru wa Pipa la Generys

Mimi Hamo, niliyekuwa karani wa lango la daraja, Chester,
macho yamebaki ya kutofautisha dirisha na ukuta,
basi niandikieni haya, na muandike polepole.
Kuna neno niliandika vibaya
nalo linaelekea kunizika.

Kwaresima ilikuwa katikati, theluji imegeuka tope.
Alishuka kutoka vilima vya Welisi na punda mwenye chongo,
pipa moja, mdomo wake umefungwa kitambaa cha sufu,
na harufu ikamtangulia mezani pangu:
nta, moshi, pilipili manga.
"Jina?"
"Generys, binti Ednyfed."
"Si lako. La kinywaji."

Kanuni ilikuwa hiyo: kisicho na jina hakitozwi,
na kisichotozwa hakipiti.
Pombe ilikuwa na safu yake daftarini, divai yake, asali yake.
Hiki kilikuwa na mguu huku na mguu kule.

"Bragawd," akasema,
mwisho wake kama mlango mzito unaosukumwa kwa bega.
Nikamwambia arudie.
Mara ya tatu alilitamka silabi kwa silabi,
kama watu wanavyosema na mtoto, au na afisa.
Nikaandika: bragot.
Unyoya wa bata ulikuwa umepasuka ncha. Vidole vilikuwa na baridi.
Hizo ndizo sababu nilizozoea kuzitoa.
Sikujali, ndiyo sababu.

Hakujua kusoma, ila alizihesabu herufi kwa ukucha.
"Umekula mkia wake," akasema.

Tukimngoja mpimaji, alinieleza.
Brag, kwao, ni kimea:
shayiri iliyolazwa majini ikadhani imezikwa,
ikatoa kijino cheupe kuutafuta mwanga,
ikakutana na moto.
Na zamani, akasema, kijiji kilichodaiwa na mfalme
pipa la mvinyo wa asali, kikilikosa,
kilipeleka mapipa mawili ya hiki;
kikikosa na hiki, manne ya pombe.
"Na asali?" nikamuuliza. "Katika jina sijaisikia."
"Haimo.
Wewe ungekuwa na mzinga msituni,
ungeutaja njiani?"

Ulimi humponza mwenye nao.
Pipa moja la hiki kwa mapipa mawili ya pombe:
hesabu alinipa mwenyewe,
nikamtoza ushuru maradufu.
Alilipa bila kunitazama, kisha akachovya kata pipani, akanipa.
Kwanza nafaka, mbichi kama ghala.
Utamu ulikuja nyuma, umechelewa,
kama mgeni anayeingia wakati taa zinazimwa.

Karani aliyenirithi alinakili kurasa zangu: braket.
Kaskazini, Lancashire, nasikia wanasema bragget,
na Jumapili ya katikati ya Kwaresima wameipa jina hilo.
Vijana wa kilabuni wana asili nyingine:
ati limetokana na kujigamba,
maana anayemaliza vikombe viwili huwa amemuua simba
ambaye hajawahi kumwona.
Sibishani nao. Kila mlevi ana asili ya kila neno.

Lakini majira ya kuchipua yaliyofuata, kabla macho hayajanitoka,
alikuja kijana na punda yule yule mwenye chongo.
Sikumuuliza mama yuko wapi. Alikuwa amevaa viatu vyake.
"Jina?" nikasema.
Akavuta pumzi, akajiandaa kueleweka,
akasema: "Bragot."
Kwa herufi zangu. Bila mkia.

Nilitaka kumrudishia. Nilifungua kinywa,
na kinywa cha Chester hakina mahali pa sauti ile.
Basi nikachovya kalamu, kalamu nzima safari hii,
nikaandika: pombe, pipa moja, robo peni. Pita.

Ulikuwa wema, au nilidhani hivyo.
Ukitafuta ukurasa wa mwaka ule, jina halimo kabisa,
si lake, si langu.